Wapiga Kelele wa Ng'ambo ya Mto

Kitabu cha Tacitus kuhusu Wajerumani wa kale, Germania, ni kifupi kuliko sifa zake. Kina sura 46, nyingi hazizidi aya moja, na kiliandikwa mwaka 98 BK na seneta wa Roma ambaye hakuna ushahidi kwamba aliwahi kukanyaga nchi anayoisimulia. Ukipanda mathree namba 9 mjini saa ya jam unaweza kukimaliza kwenye simu kabla hujashuka Isli. Kwa zaidi ya miaka 500 watu wamekisoma wakitafuta macho ya buluu, nywele nyekundu na wanawake wasiozini. Mimi naona kilicho kikubwa zaidi kimo kwenye sura ya pili, ndani ya sentensi moja ndefu ambayo wasomaji wengi wameipita mbio, kama mtu anayepita duka anakodaiwa.

Sentensi yenyewe, kwa maneno yangu, inasema hivi: jina Germania ni jipya, la juzijuzi tu. Wale wa kwanza kuvuka mto Rhine na kuwafukuza Wagaul, ambao siku hizi wanaitwa Tungri, ndio walioitwa Germani wakati huo. Basi jina la kikundi kimoja, wala si la taifa zima, likaanza kutambaa pole pole mpaka likawafunika wote. Kwanza lilienea kwa ajili ya woga. Baadaye wenyewe wakalichukua na kujiita hivyo.

Woga wa nani? Hapo ndipo wasomi wamegombana miaka na mikaka. Kilatini mimi sikusoma, na chuo chenyewe niliacha njiani, lakini nimeweka tafsiri tatu za Kiingereza kando kwa kando na hata hizo hazisikizani. Moja inasema washindi walijipa jina hilo ili kuwatisha wengine. Nyingine inasema walioshindwa waliwatazama washindi, wakaogopa, wakawaita wote kwa jina la wale waliowapiga. Kila kitu kinategemea kihusishi kimoja kidogo ambacho kwa Kilatini kinaweza kubeba maana zote mbili. Yaani kabila la mamilioni, pasipoti, timu ya mpira na gari la Mercedes, vyote vinaning'inia kwenye neno dogo kama "kwa" letu, na hatujui ni "kwa" ya nani.

Ningekuwa mtu wa kuandika vitabu vinene ningebaki hapo. Lakini mimi ni wa Isli, na nikisoma sentensi hiyo sikioni kitendawili cha Kilatini. Naona namna mtaa unavyopewa jina.

Tuanze na neno lenyewe. Germani maana yake nini? Kuna majibu matatu yanayozunguka, na hakuna aliyeshinda. La kwanza linasema ni neno la Wagaul, yaani Waselti, lenye mzizi wa kupiga kelele: Germani ni wale wapayukaji, wenye sauti kubwa ng'ambo ya mto. La pili linasema ni la Waselti hao hao, lakini mzizi wake ni ujirani. Germani ni majirani, basi. La tatu ni la Strabo, Mgiriki aliyeandika jiografia kabla ya Tacitus. Yeye alilisoma kama neno la Kilatini lenyewe, germanus, ndugu wa damu, wa tumbo moja, neno ambalo Wahispania bado wanalo wakisema hermano. Kwa Strabo, Warumi waliwaona wale watu wakafanana na Wagaul, ila wakubwa zaidi na wakali zaidi, wakasema hawa ndio ndugu zao wa kweli.

Wapiga kelele, majirani, ndugu. Sasa shuka First Avenue mchana wa Jumamosi ukae kimya dakika tano. Utasikia mwanamume akimwita mwenzake kutoka upande wa pili wa barabara: waryaa! Kwa Kisomali hilo si jina la mtu wala la kabila. Ni mwito tu, kama "wewe!" au "we kijana!", na ni kwa wanaume peke yao. Nairobi ililisikia likitamkwa sana, ikalichukua, ikaligeuza jina la watu: waria. Ni kana kwamba Wasomali wangetuita sisi wengine "Niaje". Wapayukaji wa ng'ambo ya barabara, kabisa.

Kisha kuna lile lingine, walalo. Linatoka kwa walaal, yaani ndugu. Hili Nairobi inalitumia ikiwa na tabasamu kidogo, kwa mwenye duka unayetaka akupunguzie bei, kwa kijana mnayecheza naye mpira. Mtu yule yule asubuhi ni walalo na jioni, kukiwa na habari mbaya kwenye runinga, ni waria. Wasomi wa Ulaya wamejaza makabati wakibishana kama Germani ilitokana na kelele au na undugu. Ukikaa Isli unaona kwamba huenda hawakuhitaji kuchagua. Mtu husikia jirani yake akiita, na kwa neno alilosikia anampa jina, tamu au chungu kulingana na siku.

Lakini Tacitus hakusema kelele wala undugu. Alisema woga. Tena si mara moja. Sura ya kwanza, katika mistari ya mwanzo kabisa, anachora mipaka ya nchi: upande huu mto Rhine, upande ule Danube, na upande wa mashariki, kati ya Germania na majirani wake Wasarmatia na Wadacia, mpaka ni milima au kuogopana. Isome tena hiyo. Mahali mto unapokwisha, kuogopana kunaendeleza mpaka. Halafu sura inayofuata woga huo huo unazaa jina. Sidhani ni bahati. Huyu ni mwandishi anayepima maneno kama muuza dhahabu, na katika kurasa mbili za mwanzo ametuambia kwamba nchi hii ina mpaka wa woga na watu wake wana jina la woga. Baada ya hapo, kila anachotuambia kuhusu tabia zao tungepaswa kukisoma tukikumbuka nani anaongea na anaogopa nini.

Na alikuwa na cha kuogopa. Mwaka 9 BK Roma ilipoteza majeshi matatu kamili kwenye msitu wa Teutoburg. Katika sura ya 37 Tacitus anapiga hesabu tangu Wakimbri waliposikika mara ya kwanza mpaka wakati wake, anapata karibu miaka 210, na kwa kejeli yake kavu anasema huo ndio muda ambao Germania imekuwa ikishindwa. Ukishinda kitu kwa miaka 210 na bado hakijashindika, ni lazima uanze kukiota usiku.

Woga wa namna hiyo una tabia moja: hauchagui. Ukiwa na mkuki na unaogopa, huulizi yule anayekuja ni Mchatti au Mcherusci. Ni Germani, basi. Isli inajua jambo hili kwa tarehe. Mwaka 1989 serikali ya Kenya iliamua kuwapitisha Wasomali wa nchi hii kwenye uchunguzi wa uraia, na waliofaulu wakapewa kadi ya ziada, ya rangi ya waridi, juu ya kitambulisho ambacho Mkenya mwingine yeyote alikitosheka nacho. Aprili 2014 ikaja operesheni ya Usalama Watch. Maelfu walizolewa, wengi kutoka Eastleigh hapa, wakapelekwa uwanja wa Kasarani, ule uwanja wa riadha na mpira, wakapangwa na kuulizwa wao ni nani. Kwenye mitaa iliyozolewa hawaishi Wasomali peke yao. Kuna Waoromo waliotoroka Ethiopia, Waborana wa Isiolo na Marsabit, Waburji, Wagarre, Wayemeni, bila kuwasahau Wameru wa miraa na Wakikuyu wenye nyumba. Mborana wa Isiolo ambaye babu zake walizikwa Isiolo, pua yake ikiwa nyembamba, barabarani ni waria. Jina la watu wa kundi moja, ambalo hata si jina, limetambaa mpaka limewafunika wote. Na lilienea kwa ajili ya woga.

Hapo ndipo ninapomheshimu Tacitus kwa dhati. Mwandishi wa himaya, mtu wa tabaka la juu, mkwe wa jenerali Agricola, alisimama mwanzoni mwa kitabu akawaambia wasomaji wake kwamba jina lililo kwenye jalada si la kuaminika. Waandishi wetu wangapi wamefanya hivyo? Hata kitabu kizuri nilichokisoma kuhusu mtaa huu, cha mwanaanthropolojia Neil Carrier, ndani kimejaa watu wa kila aina, lakini jalada lake linasema Little Mogadishu. Jina hilo la utani halikubuniwa naye, na labda mchapishaji alitaka kitu kinachouzika. Lakini ndivyo inavyokuwa: ndani wengi, nje mmoja, na wapita njia wanasoma nje.

Tatizo ni kwamba Tacitus mwenyewe hakuweza kuishi na alichokisema. Fungua sura ya nne, kurasa mbili tu mbele. Hapo anasema anakubaliana na wale wanaoamini kwamba watu wa Germania hawajachanganyika na taifa jingine lolote, kwamba ni wa aina yao peke yao, wasiofanana na yeyote ila wao wenyewe, na ndiyo maana wote, wengi walivyo, wana mwili mmoja: macho makali ya buluu, nywele za wekundu, maumbo makubwa. Wote! Mzee, si umetuambia sasa hivi kwamba "wote" ni jina lililoazimwa kutoka kwa kikundi kidogo? Damu moja imetoka wapi kati ya sura ya pili na ya nne? Hakuna vita vilivyotokea katikati, hakuna ushahidi mpya. Kilichotokea ni kwamba jina limefanya kazi yake. Ukishaita watu kwa neno moja mara kumi, mkono wako unaanza kuwachora uso mmoja.

Nusu ya pili ya kitabu inampinga tena. Kuanzia sura ya 28 anaanza kuwataja kabila kwa kabila, na picha inavunjika vizuri sana. Kuhusu Suebi anasema wazi, sura ya 38, kwamba si kabila moja, ni mataifa mengi yenye majina yao, ingawa kwa pamoja wanaitwa Suebi. Alama yao ni nywele kufungwa fundo upande mmoja, na vijana wa makabila mengine wanaiga. (Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kinyozi cha Isli akiona staili moja ikihama kutoka kichwa cha Msomali kwenda cha Mkamba kwa wiki mbili ataelewa kwamba nywele si ushahidi wa damu.) Kitabu kwa hivyo kina waandishi wawili ndani ya mtu mmoja: yule anayejua kwamba jina ni nguo ya kuazima, na yule anayelitumia kama ngozi.

Na kuna sura ya 33, ambayo sijui kama nimewahi kusoma kitu baridi zaidi. Wabructeri wameuawa na majirani zao, zaidi ya 60,000, wenyewe kwa wenyewe, na Tacitus anafurahi kwamba Warumi walipata kutazama tu bila kuinua upanga. Kisha anaomba, kama dua, kwamba mataifa hayo, kama hayawezi kuipenda Roma, basi angalau yaendelee kuchukiana. Mkenya hahitaji maelezo ya chini ya ukurasa hapo. Lakini angalia mantiki yake. Wanapoogopwa wao ni wamoja, Germani, damu isiyochanganyika. Wanapohitajika kuchinjana ghafla wana makabila, na kila kabila lina jina lake. Mwenye nguvu anawaunganisha kwenye sentensi na kuwagawa kwenye uwanja wa vita, na haoni kwamba amejipinga.

Wasomaji wa baadaye walichagua mwandishi yupi kati ya wale wawili, hilo linajulikana. Nakala ya mkono ya kitabu ililetwa Roma kutoka monasteri ya Kijerumani karibu mwaka 1455, na kutoka hapo wasomi wa Kijerumani wakaanza kujitafuta ndani yake kama kwenye kioo. Kufikia karne ya ishirini sura ya nne ilikuwa imekaririwa mpaka imekuwa kama sheria, na mwaka 1935 zikaja sheria kweli, zile za Nuremberg. Mwaka 1943 Himmler, aliyekuwa mpenzi wa kitabu hiki tangu ujana, alituma kikosi cha SS Italia kikavamie jumba la kifahari la kabaila mmoja karibu na Ancona kutafuta nakala ya zamani kabisa. Hawakuipata. Christopher Krebs amesimulia safari yote hiyo katika kitabu chake cha mwaka 2011, na ni simulizi nzuri, ila mimi nilitamani aulize zaidi swali la kijinga: wale askari, na yule bwana wao, walikuwa wamesoma sura ya pili? Walikuwa wakitafuta cheti cha kuzaliwa cha taifa lao ndani ya kitabu ambacho, kwenye mlango, kinasema jina la taifa hilo lilikuwa la watu wengine.

Niweke kando yake kitabu kingine cha karne hiyo hiyo ya kwanza, kinachotuhusu sisi moja kwa moja. Periplus ya Bahari ya Eritrea iliandikwa kwa Kigiriki na mfanyabiashara wa Misri ambaye jina lake halijulikani. Mwandiko wake si wa kujivunia. Ni daftari la mtu wa bandari. Pwani ya Wasomali wa leo anaiita Barbaria, na neno hilo kwa Mgiriki lina harufu ile ile ya kelele, watu wanaosema bar-bar. Kwa jina tu, yeye si bora kuliko Tacitus. Lakini mfuate bandari kwa bandari. Avalites, anasema, watu wake ni wakorofi. Malao, ambayo ndiyo Berbera, watu wake ni wapole zaidi. Mundu wafanyabiashara ni wagumu. Akifika kusini, Azania, mpaka Rhapta, anaeleza kwamba manahodha wanaotumwa huko ni Waarabu waliozoeana na wenyeji, wakaoa kwao, na wanaijua lugha. Anaorodhesha shoka, visu, mikuki na vyombo vya kioo vinavyoingia, pembe za ndovu na magamba ya kobe vinavyotoka. Ametumia jina moja la jumla, kisha biashara ikamlazimisha kulivunja, kwa sababu ukimchukulia mtu wa Malao kama mtu wa Avalites utapata hasara.

Kwangu hiki ni kitabu bora, na najua kusema hivyo mbele ya watu wa fasihi ni kujitafutia maneno. Tacitus anaandika sentensi ambazo hutazisahau. Huyu mwenzake anaandika kama mtu anayehesabu magunia. Lakini yeye alikuwa amefika, na kufika kunaonekana. Isli pia ina upande huo. Tangu Garissa Lodge ianze kugeuzwa vibanda vya nguo mwanzoni mwa miaka ya 1990, maneno yamevuka barabara bila woga wowote. Mama wa Kisii anayevaa dera nyumbani hajui, na hana haja ya kujua, kwamba neno hilo ni diraac la Kisomali limevua viatu. Muulize mnunuzi wa jumla kutoka Kampala kuhusu waria na atakushangaa. Yeye anajua duka lipi linauza mapazia, la nani, na mwenyewe ni mtu wa namna gani.

Kuna jambo moja linalonizuia kuigeuza habari hii kuwa hadithi ya wanyonge wanaobandikwa majina. Sentensi ya Tacitus inaisha na wao wenyewe kulichukua jina. Sura ya 28 anatoa mfano: Treveri na Nervii, watu wa upande wa Gaul, waling'ang'ania kwamba asili yao ni Germani, ili wasifananishwe na Wagaul, ambao sifa yao wakati huo ilikuwa uvivu. Jina la kutisha lilikuwa limepanda bei.

Hapa kwetu bei ilipanda kwa njia nyingine. Wasomali wa Isaaq, waliokuwa miongoni mwa wakazi wa kwanza wa Eastleigh mtaa ulipoanzishwa mwaka 1921, wengi walikuja Kenya pamoja na Waingereza kutoka Aden na Berbera. Sheria ya mwaka 1919 iliwatoa baadhi yao kwenye kundi la "wenyeji". Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilipopanga upya kodi ya wasio wenyeji na kuwaweka daraja la chini kuliko Waasia, wao walikataa kodi ile nafuu wakadai kulipa ile kubwa. Waliandika barua mpaka London: sisi si Wasomali kama hao wengine, asili yetu ni Arabuni, sisi ni Waasia. Watu waliopigania haki ya kulipa zaidi! Ni rahisi kuwacheka leo, au kuwalaumu kwamba waliwakana ndugu zao. Mimi naona Treveri na Nervii. Katika mfumo ambao jina lako linaamua ukae wapi, utembee saa ngapi na usafiri na kipande gani, kubishana juu ya jina ndiyo siasa peke yake uliyoachiwa. Karibu wakati huo huo waliokuwa wakiitwa Wanyika, watu wa porini, walijikusanya chini ya jina Mijikenda, na makundi ya Bonde la Ufa yaliyozoea kuitwa Nandi na Lumbwa yakachagua Kalenjin, ambalo maana yake ni "nakuambia". Tena mwito! Kama waryaa, ila safari hii aliyeligeuza kuwa jina ni yule yule anayeita.

Narudi kwenye lile swali la kihusishi, woga wa nani, kwa sababu pwani yetu ina ushahidi ambao wale wasomi wa Kilatini hawakuutazama. Wajerumani walipoiteka Mrima mwaka 1888 na 1889, Hemedi bin Abdallah wa Tanga alitunga utenzi juu ya vita hivyo, na katika jina la utenzi huo wavamizi ni Wadachi. Mdachi ni Deutsch, jina ambalo wenyewe wanajiita, na ambalo kwa asili yake ya kale lina maana ya watu, ya umma, karibu sawa na "bantu". Watu wa Mrima walikuwa na kila sababu ya kuogopa: mizinga ilikuwa baharini, na viongozi wao walinyongwa. Lakini woga wao uliwafanya wasikilize, wakalishika jina la adui kama alivyolitamka. Roma iliogopa pia, na woga wa Roma ulifuta majina mengi ukaacha moja. Kwa hivyo nikilazimishwa kuchagua kati ya zile tafsiri, nachagua ile inayouweka woga kwa mwenye kalamu na jeshi, hata kama sarufi hainipi ruhusa kamili.

Leo Wadachi wamebaki kwenye tenzi na kwa wazee. Sisi tunasema Wajerumani, neno la Tacitus lililopitia Uingereza. Ukiuliza kwenye maduka ya Isli njia ya jamaa aliyehamia huko, Msomali atakwambia Jarmalka, ambalo ni lile lile limegeuzwa ulimi, na mwalimu wa madrasa akitumia Kiarabu atasema Almaniya, kutoka kwa Alemanni, kabila jingine kabisa lililokaa juu ya Rhine na kuwapa Wafaransa jina la wote. Hao Alemanni, mwandishi mmoja wa kale alilieleza jina lao kuwa ni "watu wote", mchanganyiko wa kila aina.

Na wale wenye jina, Germani wa kwanza? Caesar anawataja kwa makundi katika kitabu cha pili cha vita vyake vya Gaul, na mmoja kati ya makundi hayo ni Waeburones, ambao baadaye, mfalme wao Ambiorix alipomwasi, aliapa kuwafuta na jina lao pia. Tungri walikuja kukaa mahali pao, na mji wao upo mpaka leo: Tongeren, Ubelgiji. Kwenye uwanja wa soko, tangu mwaka 1866, imesimama sanamu ya shaba ya Ambiorix, mwenye masharubu marefu na shoka mkononi. Wabelgiji walimweka pale kama shujaa wao wa taifa, na watalii wanapiga picha naye wakidhani ni Mgaul.